Kamshafti za Faraji na Macho ya Baba

Siku zile, kila kengele ya mwisho ikilia, wenzangu wa darasa la saba huenda nyumbani kula na kupumzika kidogo kabla ya kujisomea. Mie naenda gereji. Napita nyumbani kwetu Chang'ombe, navua sare, navaa gauni kuukuu lenye madoa ya oili, nakunywa maji, natoka. Mama yangu saa hizo yuko kiwandani, na huwa hatoki mpaka jua linapokaribia kuzama. Nikifika gereji nasema, "Shikamoo, Baba," naye huitikia bila kuinua kichwa, "Marahaba, Tupo. Njoo hapa." Hata kukaa sijakaa.

Gereji yenyewe si ya kusema uipige picha. Ni mabati machache yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa ghala, turubai la lori, benchi la mbao na shimo la kuingilia chini ya gari. Baba yangu, fundi Stephano, yupo hapo tangu sijazaliwa. Watu humfuata kutoka mbali kwa sababu injini akiifunga yeye haivuji. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wateja hawakulijua, na hata mama hakulijua. Baba alikuwa haoni vya karibu. Gari likija kule mbali anakutajia namba yake kabla halijakata kona, ila mpe bolti asome kilichoandikwa kichwani mwake, ananyoosha mkono mpaka mkono unakwisha, kisha ananipa mie.

Basi kazi yangu ilikuwa kusoma. Wateja waliniona nimeinama pale wakadhani nafundishwa ufundi. "Fundi, unamrithisha binti, safi sana," walimwambia. Baba alicheka kidogo akaendelea kukaza nati zake. Mie sikuwasahihisha, maana mie na baba tulikwishakubaliana iwe siri yetu.

Niliwahi kumwambia anunue miwani. Alinitazama kama nimemtukana. "Unamkumbuka Mzee Mwishehe, fundi wa pale nyuma?" aliniuliza. "Alivaa miwani. Wateja wakaanza kunong'ona, mzee haoni, atatufungia nati kinyume. Mmoja akaondoka, wa pili akaondoka, sasa yuko nyumbani anauza vocha. Temeke hii fundi akivaa miwani amejifukuzisha kazi mwenyewe." Nikaokota bolti iliyofuata, nikaisoma. Chakula chetu kilitoka pale pale chini ya turubai.

Lakini nilichoka, jamani, acha niseme. Namba za vyuma ni ndogo kama mayai ya chawa, na nyingi zimeliwa na kutu. Mpaka jioni kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikirudi nyumbani kuna vyombo, kuna maji ya kuchota, ndipo nifungue daftari. Alfajiri naamka tena. Darasani nilikuwa nasikia sauti ya Mwalimu Kokuberwa inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, halafu nashtuka Lulu, jirani yangu wa dawati, ananifinya paja. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na mie hesabu za asilimia zilikuwa zinanipita tu.

Ndipo akaja Faraji na gari lake.

Faraji ni kijana wa Tandale, anauza viazi kwa jumla pale sokoni. Ana kigari cheupe chakavu ambacho anakipenda kuliko anavyoipenda nafsi yake. Injini yake ni ya kawaida tu, ila aliifungia tabo iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Tabo ni kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa gari ili kisukume hewa nyingi ndani ya injini, gari lipate nguvu. Faraji alitaka kushiriki mashindano ya magari kwenye njia ya vumbi huko nje ya Boko, na alikuwa amejinyima sana kufika hapo. Alivaa ndala zile zile tangu tumjue.

"Fundi, linavuta vizuri kabisa," alimwambia baba, "ila likifika juu linakata pumzi. Linakuwa kama mtu anayepanda ngazi na mafua."

Baba alilisikiliza likinguruma, kisha akalizima. "Tabo yako inasukuma hewa nyingi, lakini milango ni ile ile ya zamani," alisema. "Tubadilishe kamshafti."

Alinigeukia anieleze, maana baba hupenda kueleza hata mtu akiwa amechoka. Kamshafti ni nondo mbili zinazolala juu ya injini, zina vinundu vyenye umbo la yai. Zikizunguka, kila kinundu hukandamiza valvu, na valvu ndio mlango wenyewe. Nondo moja hufungua milango ya kuingiza hewa, ya pili hufungua ya kutolea moshi. Kinundu kikiwa kirefu kidogo, mlango unafunguka zaidi.

Faraji akatoa simu. "Mie nimeziona hizi hapa, za mashindano hasa. Kali. Nikizipata hizi wote wananiona kwa nyuma."

Baba aliiangalia simu kwa mbali, akaniashiria nisome. Nikasoma. Alitikisa kichwa. "Hizo zimetengenezwa kwa injini isiyo na tabo. Zinaacha milango yote wazi kwa pamoja muda mrefu. Wewe unasukuma hewa kwa nguvu, itaingia huku na kutokea kule, mafuta yatapotea bure. Na bei yake ni viazi vya msimu mzima. Kuna injini ndugu ya hii, ya gari la daraja la juu kidogo. Kamshafti zake zinainua valvu kiasi cha kutosha, na zinakaa hapa bila kuchonga kitu. Tutafute zilizotumika lakini hazijaliwa."

Tulizipata kwenye maduka ya vipuri chakavu. Baba alipitisha kidole gumba juu ya kila kinundu, macho ameyafumba, na zile zenye mikwaruzo akazirudisha. Kwa vidole hana mpinzani. Lakini vidole havisomi namba.

Na kazi hii ilikuwa ya namba tupu. Ukibadilisha kamshafti, lazima upime upya uwazi ulioko kati ya kila kinundu na valvu yake. Uwazi huo hupimwa kwa fila, ambayo ni majani membamba ya chuma yaliyoshikanishwa pamoja, kila jani na unene wake umeandikwa. Uwazi usipokaa sawa, unabadilisha shimu, yaani kile kisahani kidogo cha chuma kinachokaa juu ya valvu. Shimu mpya ni ghali, kwa hiyo baba alikuwa na kopo lake la shimu alizokusanya miaka yote kutoka injini zilizokufa. Mie nikawa natoa moja moja, nazipima, namtajia. Siku ya kwanza tulimaliza upande wa kuingiza hewa. Macho yalikuwa yananitoka machozi.

"Umebaki upande wa moshi," baba alisema tukifunika injini kwa turubai. "Huo ndio wenye maneno. Valvu za moshi zinataka uwazi mkubwa kuliko zile nyingine, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Ukiziachia uwazi mdogo, zikishachemka hazifungi sawasawa, na valvu isiyofunga inaungua. Ukiweka na tabo, moto unazidi. Kesho uwahi, Tupo. Faraji anakuja kulichukua."

Nikasema nitawahi. Nilikuwa na nia kabisa.

Kesho yake tulifanya jaribio la hesabu. Swali la kwanza nalikumbuka. La pili silikumbuka, maana nilipofungua macho karatasi ilikuwa imelowa mate na Mwalimu Kokuberwa amesimama juu yangu. Hakunigombeza. Alisubiri wenzangu wakatoka, akakaa dawati la mbele, akaniuliza, "Tupokigwe, unalala saa ngapi nyumbani?"

"Kawaida tu, Mwalimu."

"Kawaida ya nani?" aliuliza. Nikatazama chini. Akavuta pumzi, akasema, "Haya. Hutoki hapa mpaka umalize jaribio hili. Na namba ya mama yako ninayo."

Nilimwomba aniruhusu, nikamwambia baba ananisubiri. Akaniambia mtihani nao unanisubiri, na huo hauna huruma ya baba. Nikalifanya lile jaribio haraka haraka, jicho moja mlangoni. Nilipotoka pale nilikimbia mpaka gereji, na sare yangu ya shule mwilini.

Nikakuta mambo yamekwisha. Kamshafti zote mbili zimelala mahali pake, kifuniko cha injini kimefungwa, betri imeunganishwa. Faraji amekaa kwenye usukani na shati safi, yuko na furaha ya mtu aliyesubiri sana. Baba alikuwa ananawa mikono kwenye beseni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakunitazama.

"Baba, upande wa moshi ulipima na nani?"

"Nimepima mwenyewe," alijibu. "Kwani kabla hujajua kusoma nilikuwa sifanyi kazi?"

Nikasogea kwenye benchi. Fila ilikuwa pale pale alipoiacha, jani moja limevutwa nje, bado lina oili. Nililishika, nikalifuta kwa pindo la sketi, nikalisoma. Lilikuwa jani jembamba. Si lile la uwazi wa valvu za moshi, ni lile tulilolitumia jana kwa valvu za hewa. Yamekaa jirani, na kwa mtu asiyeona vya karibu yanafanana. Baba alipima upande wote wa moshi kwa jani lisilo lake.

Kilichoniogopesha ni kwamba injini ile ingewaka vizuri tu. Ikiwa baridi isingeonyesha dalili yoyote. Faraji angempa baba mkono, angeondoka anapiga honi, na huko Boko, gari likiwa limechemka na tabo inasukuma, valvu zingeungua moja baada ya nyingine. Viazi vyake vyote vingeteketea, na asingejua kosa lilitokea wapi. Pengine na baba asingejua. Aliyejua nilikuwa mie peke yangu, nimeshika jani la chuma.

Sasa nitasemaje? Mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya mteja. Nilianza kwa adabu. "Baba, naomba uje mara moja huku nyuma."

"Subiri kwanza, mama. Tunawasha gari."

"Baba, ni muhimu."

"Nimekwambia subiri."

Faraji akashika ufunguo. Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya mbele ya watu. Nikasema na baba kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao. Nimezaliwa Temeke, Kinyakyusa changu ni cha kuungaunga, kile cha kusalimia bibi kwenye simu. Nilikosa maneno ya fila na valvu, nikamwambia tu kwamba kile cha kupimia alichochukua sicho, kwamba kitu kitaungua, na kwamba namwomba asimruhusu Faraji kuwasha gari.

Baba aliganda, mikono inadondosha maji.

"Fundi, kuna ishu?" Faraji aliuliza, ufunguo bado mkononi. "Mnaongea kilugha, mnanitia wasiwasi."

Nilimwona baba anafungua mdomo. Nilijua anaweza kusema hakuna kitu, mtoto ana njaa. Neno hilo lilikuwa jepesi, na Faraji angeliamini. Baba alinitazama, mara hii alinitazama kweli, sare yangu, macho yangu mekundu, fila mkononi mwangu. Akajifuta mikono taratibu.

"Shuka, Faraji. Gari haliwaki leo," alisema. "Nimekosea. Valvu za moshi nimezipa uwazi mdogo. Ungeunguza injini."

"Umekosea vipi, fundi? Wewe?"

"Sioni vya karibu. Ni muda sasa. Anayenisomea namba ni huyu mtoto, na leo alichelewa, nikajifanya naweza."

Faraji alishuka, akaketi juu ya tairi kuukuu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, mie nimelala njaa kwa ajili ya gari hili. Siku zote hizo nakuachia, kumbe huoni?"

"Ni haki yako kukasirika," baba alimjibu. "Ukitaka tulivute kwa fundi mwingine, nitasukuma mwenyewe mpaka hapo kwake."

Faraji alipangusa uso kwa kiganja. "Mwingine naye akikosea ataniambia?" aliuliza. Akamkabidhi baba ufunguo. "Libaki. Ila nataka lipimwe na mtu anayeona."

Mama alitukuta hivyo hivyo, watu watatu tumekaa kama tuko msibani. Alikuwa ametoka zamu, bado ana kitambaa cha kiwandani kichwani, miguu imevimba. Faraji alimwamkia, mama akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa baba.

"Mwalimu Kokuberwa amenipigia simu kazini," alisema. "Ananiambia Tupo analala darasani, mpaka jaribio linalowa mate. Ananiuliza nyumbani kuna nini. Mie nasema hakuna kitu. Kuna nini, Baba Tupo?"

Baba akamweleza yote, na hakujitetea. Alieleza habari za Mzee Mwishehe, za miwani, za fila. Mama alisikiliza amesimama, anakivua kile kitambaa cha kichwani na kukikunja mara mbili, mara nne.

"Kwa hiyo umeona haya kuvaa miwani," alisema mwishowe, "ukaamua umvae mtoto."

Baba aliinama.

"Mtoto si miwani, Baba Tupo. Miwani ikichoka unanunua nyingine. Huyu akifeli la saba, tutamnunua wapi mwingine?"

Nilianza kulia pale pale. Sikujua kama nalia kwa huruma ya baba au kwa sababu kuna mtu hatimaye ameuliza nimechoka kiasi gani. Mama alinishika bega, akanichukua nyumbani. Fila niliiacha juu ya benchi.

Asubuhi baba hakwenda gereji. Alikwenda hospitali kupimwa macho. Daktari alimwambia si ugonjwa, ni umri, na kwamba watu wengi wakifikia miaka yake huanza kunyoosha mkono kila wanaposoma. Akarudi na miwani yenye fremu nyeusi, akaenda moja kwa moja kufungua injini ya Faraji. Faraji alisimama pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Baba alipima valvu zote upya, hata zile za upande wa hewa, akabadilisha shimu za upande wa moshi, na kila jani la fila alimwonyesha Faraji kwanza alisome naye.

Miwani ilizua maneno, nisiwadanganye. Fundi Marijani wa jirani alimwita Profesa siku nzima. Mteja mmoja wa zamani alihamisha gari lake, akasema anatafuta kijana mwenye macho. Baba aliumia, nilimwona. Lakini wengine walibaki, na mzee mmoja dereva wa lori alimwuliza kwa siri hiyo miwani kaipata wapi, maana na yeye barabara anaiona ila risiti haioni.

Faraji alikwenda Boko. Hakushinda. Alimaliza katikati, nyuma ya magari ya watu wenye uwezo, lakini gari lilipanda mpaka juu bila kukata pumzi, na lilirudi kwa magurudumu yake lenyewe. Alilipitisha gereji likiwa na vumbi mpaka kwenye vioo. Baba aliweka sikio juu ya injini iliyochemka, akasikiliza, akasema valvu zinafunga.

Siku iliyofuata nilitoka shule, nikavua sare na kuvaa gauni langu la oili kwa mazoea. Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja nyumbani mchana, kitu ambacho hakifanyi.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Gereji, Baba."

"Kufanya nini? Namba nazisoma mwenyewe." Alivua miwani, akaigeuzageuza mikononi. "Kaa nikwambie. Macho kuchoka si aibu, Tupo. Mwili ukipungukiwa na kitu, unasema, unatibiwa, unaendelea na kazi. Mie nilificha, nikadhani nalinda chakula chenu. Kumbe nilikuwa nakubebesha mzigo wangu, na bado injini ya mwenzetu ilikuwa inakwenda kuungua. Ukiwa mkubwa na ukaumwa popote, usifiche. Na ukiona mtu mzima anakosea, hata akiwa baba yako, sema kwa adabu kama ulivyosema. Ufundi ukitaka nitakufundisha, lakini likizo, na ukiwa umeshiba usingizi."

Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Nikaenda kuchukua daftari.

Alirudi kazini. Nikafanya hesabu za asilimia, zikakubali mbili za kwanza. Kisha nikaweka kichwa juu ya mkeka, jua bado liko nje, watoto wa jirani wanacheza rede. Mama aliporudi kutoka zamu alinikuta nimelala, akanifunika khanga, na siku hiyo hakuna aliyeniamsha.